Ghala la Sauti na Picha Ndani ya Nyumba

Katika nyumba nyingi za mkoa wa Singida, kuanzia mjini penye maziwa ya Singidani na Kindai hata Kiomboi, Nduguti, Ikungi, Manyoni na Itigi, halikosekani sanduku au mfuko uliotundikwa ukutani ambao ndani yake zimelala sauti za watu. Mna kaseti za darasa za mashehe waliokwisha kututangulia mbele ya haki. Mna kaseti za maulidi na za arusi, zilizoandikwa kwa kalamu ambayo wino wake umefifia. Mna DVD zisizo na majalada. Mna simu mbili tatu mbovu, na ndani ya mojawapo imo sauti ya bibi akisimulia hadithi kwa Kinyaturu au kwa Kinyiramba, na bibi mwenyewe hayupo tena. Hazina hiyo hupungua kila mwaka upitao. Utepe wa kaseti huota ukungu, DVD hukwaruzika, memori kadi hufa ghafla bila ya kuugua, na simu huibwa.

Katika nyumba hiyo hiyo watoto na vijana wetu wamekaa kila mmoja pembeni mwake, simu mkononi, wakitazama picha zitokazo mbali kwa bando lililonunuliwa asubuhi na litakalokwisha kabla ya magharibi. Baba hulalamika kwa ajili ya fedha. Mama hulalamika kwa sababu hajui mtoto atazama nini. Twaona malalamiko yote mawili ni ya haki, na kwa hiyo twataka kueleza katika kurasa hizi jambo ambalo fundi mzuri wa kompyuta hulimudu kwa siku moja, na kijana mwenye bidii hulimudu kwa wiki moja: kuweka ghala la sauti na picha ndani ya nyumba, ambalo simu, televisheni na redio za nyumba hiyo zaweza kuchota humo bila ya kununua bando lolote.

Chombo hicho chaitwa seva, na maana ya neno hilo ni mtumishi. Ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila imepewa kazi moja tu: kukaa mahali pake ikiwa imewashwa, kushika mafaili katika diski yake, na kumpa kila aombaye. Waombaji ni simu na televisheni. Njia iliyopo kati yao ni rauta, kile kisanduku chenye antena ambacho wengi wamekiona maofisini. Rauta hii haina haja ya kuungwa na mtandao wa dunia. Twalisisitiza jambo hili kwa kuwa watu wamezoea kusikia waifai wakadhani ndiyo intaneti yenyewe. Waifai ni njia tu, mfano wa njia ya kijijini: yaweza kufika mjini, na yaweza kuishia kisimani, na maji yakapatikana vilevile.

Kuhifadhi sauti si jambo geni kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari pamoja na wenzake kwenda Bombay kuimba mbele ya mashine, na santuri zake zikasikilizwa pande nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa na makao yake Afrika ya Kusini, aliizunguka Tanganyika na mashine za kurekodi akichukua ngoma za makabila. Kazi yake leo imo katika maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, huko huko Afrika ya Kusini. Mwaka 1951 redio ilianza kutangaza kutoka Dar es Salaam. Huko Misri, mwaka 1961, ulitolewa msahafu wa sauti, Qur'ani nzima kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na mwaka 1964 Cairo ikafungua idhaa ya Qur'ani peke yake. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, na Tanzania bara ikangoja mpaka 1994.

Katika hayo yote msikilizaji alipewa alichopewa, saa aliyopewa. Kaseti ndiyo iliyogeuza mambo. Tangu kampuni ya Philips ilipoitoa mwaka 1963, mtu wa kawaida aliweza kubonyeza kitufe chekundu na kurekodi darasa la shehe wake, au nyimbo za arusi ya dada yake. Basi na tufikiri kidogo. Kisomo cha al-Husary kiko kila mahali duniani na hakiwezi kupotea. Lakini darasa la mwalimu wa madrasa wa Iramba, lililorekodiwa barazani na mwanafunzi wake miaka ya 1980, halimo katika maktaba ya redio yoyote wala ya chuo kikuu chochote. Limo katika kaseti moja, ndani ya mfuko mmoja, na panya wameanza kuujua mfuko huo.

Kuna na hoja nyingine ya kuwa na vitu karibu. Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa nchini, na ukachukua siku kadhaa kurudi. Nyakati kama hizo mwenye mali yake ndani ya diski hakupungukiwa na kitu, illa habari.

Sasa tuje katika vyombo. Njia ya kwanza, na ndiyo tuipendayo kuliko zote kwa nyumba ya Singida, ni kompyuta mpakato kuukuu, ile iliyovunjika kioo au iliyopoteza vitufe vitatu, ambayo mwenyewe ameiweka juu ya kabati akiwaza kuitupa. Seva haihitaji kioo wala vitufe baada ya kutengenezwa. Betri yake, hata ikiwa imechoka na yadumu nusu saa tu, huikinga wakati umeme unapokatika na kurudi kwa ghafla. Njia ya pili ni kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ambayo ukubwa wake ni kama pakiti ya karata. Njia ya tatu ni kompyuta ya mezani.

Mtu asiitazame bei ya chombo peke yake. Atazame na LUKU. Kompyuta ya mezani ya zamani hula wati 80 hivi. Ikiachwa imewashwa usiku na mchana kwa siku 30, hutumia zaidi ya yuniti 57. Nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo la TANESCO, ambalo mpaka wake ni yuniti 75 kwa mwezi, itabakiwa na yuniti 17 na kitu za taa, pasi na kila kitu kingine, au itatoka kundini kabisa. Kompyuta mpakato ya wati 20 hutumia yuniti 14 na kitu kwa mwezi. Raspberry Pi pamoja na diski yake, kwa wati 8 hivi, haifiki yuniti 6. Mwenye kompyuta ya mezani asikate tamaa: aiwashe kuanzia magharibi mpaka saa 5 za usiku, saa tano tu kwa siku, na kwa mwezi itakula yuniti 12.

Juu ya diski twasema hivi. Terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000, na kwa nyumba ya kawaida ni mali nyingi sana. Saa moja ya mazungumzo au kisomo kilichohifadhiwa kwa kiasi cha kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 29. Kisomo cha Qur'ani nzima, saa 30 hivi, hakimalizi gigabaiti 1. Picha ndizo zilazo nafasi: saa moja ya video ya kiasi, inayotosha kwa simu na kwa televisheni ya inchi 32, huchukua megabaiti 450 hivi, na ile iliyo safi sana hupita gigabaiti 2. Kwa video ya kiasi, diski ya terabaiti 1 hubeba saa zaidi ya 2,000. Mtu akitazama saa 2 kila siku, itamchukua karibu miaka mitatu kuimaliza.

Hesabu hiyo hiyo tuigeuze upande wa bando. Katuni ya dakika 20 ni megabaiti 150. Mtoto wa miaka minne huitaka katuni ile ile, asubuhi na jioni, mpaka aikariri. Akiitazama mara 20 kwa mtandao, gigabaiti 3 zimekwenda. Ikiwa imo ghalani, ni megabaiti 150 mara moja basi, na aikariri apendavyo.

Katika kununua diski yafaa kuwa na hadhari. Zauzwa mitaani flashi na diski za kughushi, zilizoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana, na ndani yake mna gigabaiti 32 au chini ya hapo. Ubaya wake ni kwamba hazikatai. Hupokea mafaili yote, huonyesha majina yake yote, kisha ukifungua hukuti kitu. Fundi mwaminifu ana programu ya kuijaza diski mpya na kuisoma tena tangu mwanzo hata mwisho ili ijulikane ukweli wake. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na afadhali saa hizo kuliko majuto. Tena Raspberry Pi isiachwe ikategemea memori kadi peke yake, kwani kadi hizo huchoka upesi kwa kuandikwaandikwa. Iwekewe diski ya SSD, isiyo na sahani izungukayo. Diski ya sahani ni rahisi kwa bei, nayo yafaa, mradi isihamishwe ikiwa inazunguka.

Singida ina mambo yake yanayohitaji kufikiriwa. La kwanza ni vumbi. Kuanzia Juni mpaka mvua zinyeshe, upepo wa nchi hii, ambao kwa miaka mingi umetajwa kuwa wafaa kuzalisha umeme, hauachi kitu safi. Seva iwekwe juu ya rafu, mbali na mlango na mbali na jiko, na feni yake isafishwe kwa brashi laini kila mwezi. Wapo watakaotaka kuifunika kwa kitambaa kilichotariziwa, kama tulivyokuwa tukiifunika redio sebuleni. Redio ilivumilia, kompyuta inayofanya kazi haivumilii, itapata joto na kufa. Kitambaa kifunike chombo kilichozimwa.

La pili ni kuta. Mawimbi ya waifai hupita kwa shida katika ukuta mnene wa udongo au wa mawe, na bati huyazuia karibu kabisa. Aliye katika tembe la kale, lenye kuta nene na dari ya udongo, asitarajie rauta moja ifike vyumba vyote. Rauta nyingi siku hizi zina mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya pili yana mbio, ya kwanza hupenya ukuta vizuri zaidi. Kwa nyumba zetu ichaguliwe ya kwanza. Rauta ikae katikati ya nyumba, juu, mkabala wa milango, na ikiwa kuna nyumba ya uani wanakolala vijana, wavutiwe waya mpaka huko kuliko kuhangaika na antena.

La tatu ni umeme wenyewe. Kukatika kwa ghafla, wakati kompyuta yaandika katika diski, ndiko kuharibuko mafaili kuliko vumbi na joto. Kwa Raspberry Pi dawa yake si ghali. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 20 ina wati-saa 240, na haifai kutumia zaidi ya nusu yake ikiwa ni ya risasi na asidi, yaani 120. Seva ya wati 8 na rauta ya wati 6 ni wati 14 kwa pamoja. Basi betri hiyo itazibeba saa 8. Rauta nyingi hutumia volti 12, lakini betri inapochajiwa hupanda hata ikapita 14, kwa hiyo kati yake na vyombo kuwekwe kifaa cha kusawazisha volti, na kingine cha kushusha hadi volti 5 kwa ajili ya Pi. Nyumba nyingi za vijijini zina paneli na betri tayari. Hapo hakuna la kununua ila vifaa hivyo viwili vidogo.

Kuhusu programu, zipo nyingi, na sisi twaipendelea Jellyfin. Ni ya bure, haidai kujiandikisha kwa kampuni yoyote, na yafanya kazi pasipo intaneti baada ya kuwekwa. Ilizaliwa Desemba 2018, pale wenye programu nyingine iitwayo Emby walipofunga msimbo wao, na baadhi ya watu wakaendeleza ule uliokuwa wazi. Ipo pia Plex, nzuri kwa sura, lakini yataka akaunti ya kampuni, na kwa nyumba isiyo na mtandao wa kudumu huo ni mzigo. Kwa mwenye televisheni moja tu na hana haja ya simu, Kodi yamtosha: kompyuta huungwa na televisheni kwa waya wa HDMI, na mambo yamekwisha.

Utaratibu ni huu. Kompyuta huwekewa mfumo wa Linux, na Debian ni chaguo jema kwa mashine dhaifu. Juu yake huwekwa Jellyfin. Kazi hii yahitaji intaneti siku hiyo moja. Baada ya hapo kwaheri. Rauta huamriwa iipe seva anwani isiyobadilika, mathalan 192.168.1.10. Mtu akiwa katika waifai ya nyumbani hufungua kivinjari cha simu yake, huandika anwani hiyo na kuifuatisha nukta mbili na namba 8096, na ghala humfungukia. Kwa simu za Android ipo na programu yake maalumu. Televisheni za kisasa nyingi huweza kuiona seva zenyewe. Za zamani hununuliwa kisanduku cha Android, na king'amuzi huachwa mahali pake. Redio yenye tundu la waya huungwa na simu yoyote kuukuu, na kisomo kikasikika sebule nzima wakati wa daku.

Jambo moja huwakwamisha wengi, nalo ni aina ya faili. Video iliyofungwa kwa namna ambayo televisheni haiijui, seva hulazimika kuifungua na kuifunga upya papo hapo wakati mtu atazama, na kompyuta ndogo hulemewa, picha ikawa yakatika katika. Dawa ni kuyageuza mafaili mapema, usiku mmoja, kwa programu kama HandBrake, yawe ya namna ya H.264 na sauti ya AAC. Namna hiyo hujulikana na karibu kila simu na kila televisheni. Baada ya hapo seva hufanya kazi ya kubeba tu, na hata Raspberry Pi yaweza kuwahudumia watu wanne kwa wakati mmoja pasi na taabu.

Tumeliweka nyuma lililo kubwa kuliko yote, yaani zile kaseti. Kuzihamisha kwataka subira kuliko fedha. Redio kaseti huungwa na kompyuta kwa waya, kutoka tundu la hedifoni kwenda tundu la kuingizia sauti, na programu ya bure iitwayo Audacity hurekodi. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60. Kabla ya kuicheza, kaseti iliyokaa miaka mingi izungushwe mbele hata mwisho na kurudishwa, ili utepe usigande. Na kichwa cha redio kifutwe kwa pamba iliyotiwa spiriti. Ikiwa utepe una unga mweupe wa ukungu, usichezwe kwanza, utachafua redio na kaseti nyingine zote. Apelekewe mtu ajuaye.

Nakala ya asili ihifadhiwe kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote katika sauti, na kwa kusikiliza itolewe nakala ya MP3. Kaseti 100 za saa moja moja, kwa FLAC, huchukua gigabaiti 30 hivi, ambazo ni sehemu ndogo sana ya diski. Kila faili lipewe jina linaloeleweka: nani asema, wapi, mwaka gani, jambo gani. Na asiyejua mwaka aandike "kabla ya kifo cha fulani" au "mwaka wa njaa fulani", kwani wazee wetu ndivyo walivyohesabu, na mjukuu atakuja kupata tarehe. Faili liitwalo "Track 01" ni sawa na kaburi lisilo na alama.

Kazi hii ikifanywa, yafaa kuendelea mbele kidogo na kurekodi waliopo. Simu ya kawaida yatosha. Akae mzee mahali pasipo upepo, simu iwe karibu na kifua chake, na mwanzo wa kurekodi litajwe jina lake, mahali na tarehe, baada ya kuombwa ruhusa. "Babu, twaomba utusimulie habari za safari yako ya Manyoni, ulipopanda treni mara ya kwanza." Asiulizwe kama hakimu aulizavyo. Dakika 20 kwa siku zatosha, mzee asichoshwe. Lugha iwe ile aliyoizoea, hata kama wajukuu waliozaliwa mjini hawaielewi leo.

Watoto nao. Jellyfin huruhusu kila mtu wa nyumba kuwa na mlango wake, na mwenye nyumba huamua kila mlango waelekea chumba gani. Mtoto wa miaka sita akifungua mlango wake huona katuni, masomo ya alifu na qasida, na hapana kingine. Twaipa sifa zaidi kwa jambo ambalo programu hii haifanyi. Katika mtandao, picha ikiisha nyingine huja yenyewe, iliyochaguliwa na mashine isiyomjua mtoto wako, ambayo haja yake ni asiondoke. Katika ghala la nyumbani kilichomo ni kile ulichokiweka, na hesabu yake ina mwisho. Mtoto hufika mwisho, huchoka, akatoka nje kucheza.

Kwa bibi asiyesoma, badala ya maandishi iwekwe picha: picha ya msomaji wa Qur'ani juu ya kisomo chake, picha ya mlango wa msikiti juu ya darasa. Atabonyeza mwenyewe, wala hatamngoja mjukuu arudi kutoka shule.

Milango hiyo ina faida nyingine ambayo kina mama wataitambua upesi. Nyimbo na ngoma za wanawake katika arusi, na yale yasemwayo unyagoni, hayakurekodiwa ili yasikilizwe na wote. Yawekwe katika chumba chake, chenye neno la siri la mama au la shangazi, wala kijana aliyeitengeneza seva asijipe haki ya kuingia. Juu ya vinanda na ngoma kwa jumla wanazuoni wametofautiana tangu kale, wala hatukukusudia kuingia humo. Kila nyumba ina shehe wake wa kumwuliza, na ghala hubeba kile ambacho wenyewe wataridhia.

Palipo na haki za watu lazima tuseme wazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo iliyopewa kuisimamia. Kununua DVD halali na kuihamishia katika diski ya nyumbani mwako kwa matumizi ya nyumba ni jambo moja. Kwenda kibandani ukajaziwa filamu 200 kwa shilingi elfu chache, ambazo mwenye kuzitengeneza hakupata hata senti, ni jambo jingine, na wepesi wake hauiondoi dhuluma. Filamu nyingi za Kiswahili za siku za Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, ziliuzwa kwa VCD na DVD. Kama unazo za halali, zihamishe mapema kabla hazijakwaruzika. Visomo vingi na mihadhara mingi wenyewe wameiacha bure. Na kwa wanafunzi, programu ya Kiwix huweza kuiweka Wikipedia ya Kiswahili nzima katika diski hiyo hiyo, isomwe bila mtandao. Huenda hiyo peke yake ikalipa gharama ya chombo.

Jamaa walio Dar es Salaam au Maskati watataka nao kusikiliza. Tahadhari: seva isifunguliwe milango kwa mtandao wa dunia na mtu asiyejua kazi hiyo, kwani wavamizi hawalali. Nakala katika flashi, ndani ya bahasha, kwa dereva wa basi la asubuhi, hufika Dar es Salaam siku hiyo hiyo.

Tena bahasha hiyo ina kazi ya pili. Diski moja si hifadhi. Siku itakapoanguka mezani, au nyumba itakapoibiwa, kila kitu kitakuwa kimekwenda pamoja, na kaseti huenda zilikwisha kutupwa. Iwepo diski ya pili yenye nakala ya yale yasiyopatikana kwingine, yaani sauti za jamaa na picha za jamaa, ikae kwa ndugu, Manyoni au Dodoma, na irudi nyumbani kila Idi ili iongezewe mapya. Filamu na katuni hazina haja ya nakala, zitapatikana tena. Kaseti zenyewe zisitupwe hata baada ya kuhamishwa.

Na liwepo daftari. Aghalabu mwenye kuiweka seva ni kijana mmoja wa nyumba, naye baada ya mwaka au miwili huenda chuoni, akaacha chombo kinachowaka taa ya kijani na watu wasiojua kukifungua. Kabla hajaondoka aandike kwa mkono, kwa Kiswahili cha kawaida: anwani ya seva, neno la siri la msimamizi, jinsi ya kuizima kwa salama, diski ya nakala iko kwa nani, na nani wa kuitwa ikiharibika. Daftari liwekwe pale zinapowekwa hati za shamba.